Unasomea Nini?

Jumamosi ya mshahara, Sabasaba, Dodoma.
Ndahani ametandika turubai la bluu
na juu ya kila jalada ameweka kokoto,
maana upepo wa Agosti hapa
hufungua kitabu kabla ya mnunuzi,
na wala hausomi, unapekua tu.

Nina elfu kumi na mbili.
Nauli ya kurudi Kibaigwa nimeificha kwenye soksi
isije ikashawishika.

Mimi ni mpima mahindi.
Gunia nalijua begani kabla mizani haijasema:
hili mia na mbili, hili tisini na tisa,
hili limechanganywa mchanga, mrudishieni mwenyewe.
Kitabu kinanishinda.
Nimeshika cha nyuki, chepesi kama andazi la jana,
kumbe ndani mna mji mzima:
walinzi mlangoni, wapepeaji wa mabawa,
na malkia asiyeweza hata kujilisha.

Elfu tatu. Nimekiweka kwapani.

Halafu figo.
Wamelichora limepasuliwa katikati
kama haragwe lililolowekwa,
na mishale, na majina.
Nikamkumbuka shemeji yangu Masinga,
alivyovimba miguu tukasema karogwa,
tukamzungusha kwa waganga, Hombolo hadi Manda,
tukauza mbuzi sita.
Nikafungua ukurasa wa kwanza kutazama mwaka.
Kitabu kilikuwa kimeshachapwa.
Kilikuwapo, mahali fulani, kimefungwa,
wakati sisi tunauza mbuzi.

Hicho sikupatana bei.

Kuna cha mafundo ya kamba, michoro mitupu.
Kuna cha mirathi, nilishakisoma, ndugu zangu wanajua.
Kuna cha kueleza kwa nini ardhi inatikisika:
usiku ule vikombe vilipogongana kabatini
mama alisema ni treni,
na treni ilikuwa na wiki mbili haijapita.
Kuna cha meno. Meno tu, kurasa mia tatu,
ya mamba, ya panya, ya mtoto wa miezi saba.
Nani alikaa akaandika haya?
Nilitaka kumpa mkono.

"Mama Chilongani," Ndahani akasema,
"mwezi jana zabibu, mwezi juzi sheria,
leo figo na nyuki.
Hivi unasomea nini?"

Mwanafunzi aliyekuwa anachambua mitihani ya zamani
akainua kichwa naye asikie.

Ningesema nasomea udaktari, wangecheka.
Ningesema napoteza muda, wangeamini.
Nikanyamaza, nikapangusa vumbi kwenye nyuki
kwa upindo wa kanga.

Shuleni kwetu kitabu kilikuwa kimoja, watoto watano.
Mwenye mbio anakaa katikati.
Mimi nilikuwa mzito, nikakaa pembeni kulia,
miaka saba nikasoma
nusu ya mwisho ya kila mstari.
"…huchemka kwa nyuzi mia moja."
"…ndiyo sababu mwezi hupungua."
"…walipofika hawakumkuta mtu."
Kitu gani huchemka? Sababu ipi? Akina nani?
Kengele ikilia, kitabu kinafungiwa kabatini,
nami narudi nyumbani na mikia ya mambo.

Sikumwambia Ndahani hayo.
Nilimwambia, "Punguza cha mafundo, kina madoa ya chai."
Akapunguza mia tano.

Figo, nyuki, mafundo ya kamba.
Zimebaki elfu mbili na mia tano,
na cha nyota ni elfu sita, hataki kushuka,
ana haki, kina picha za rangi
na kurasa zote zipo, nilihesabu.
Nikasoma nimesimama mpaka jua likanihamisha.
Nikaonja wazo la soksi. Nikaliacha.

Nikakirudisha turubaini, katikati kabisa,
chini ya kile cha meno ili kisionekane sana.
Kokoto aliyokuwa ameiweka ilikuwa ndogo.
Nikazunguka nyuma ya banda la mama wa vitunguu
nikaokota jiwe la maana,
nikalipima mkononi, kilo moja na robo,
nikaliweka juu.